Mikrogramu Kumi Zilizonata Ukutani: Kisa cha Interleukini-2 Kisumu

Maabara moja ya utafiti mjini Kisumu, ambayo sitaitaja, iliagiza vichupa vya interleukini-2 ya binadamu, protini inayozifanya seli T, askari wa kinga ya mwili, ziendelee kukua. Kila kichupa kilikuwa na mikrogramu 10. Vilifika, vikafunguliwa kwa utaratibu, na majuma machache baadaye seli T zilizokuwa zikilishwa protini hiyo zikaanza kufa. Niliitwa kupitia madaftari na kusaidia kutafuta palipoharibika. Sehemu kubwa ya ninayoandika hapa inahusu jambo moja ambalo lebo ya kichupa haiwezi kukuambia: mikrogramu ni uzito, na seli haijui uzito. Seli inajua kama protini imeifikia na kama bado inafanya kazi.

Kwanza kazi yenyewe. Virusi vya Epstein-Barr, yaani EBV, vimo ndani ya karibu kila mtu mzima duniani. Hujificha ndani ya seli B, aina nyingine ya seli za kinga, na seli T huvizuia visitoke. Katika kanda ya ziwa mtoto huvipata mapema, huku malaria ikimpiga tena na tena, na hapo ndipo saratani ya Burkitt, ile inayovimbisha taya, hupata upenyo. Denis Burkitt aliieleza akiwa Uganda mwaka 1958. Mwaka 1964 virusi vyenyewe vikaonekana London katika seli zilizokuzwa kutoka uvimbe uliopelekwa kutoka Uganda. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliolinganisha watoto wa Kisumu, ambako malaria haipumziki, na watoto wa Nandi, milimani, ambako ni ya nadra. Watoto wa Kisumu, hasa wa miaka 5 hadi 9, walionekana kuwa na mwitikio hafifu wa seli T dhidi ya EBV.

Maabara ninayoieleza ilikuwa ikifuata nyayo hizo kwa njia yake, ikilinganisha watoto wa kando ya ziwa na wa milimani. Inachukua seli za damu ya mtoto zilizohifadhiwa kwenye nitrojeni ya maji, inaziyeyusha, inazionyesha vipande vidogo vya protini za EBV, kisha inazikuza kwa majuma kadhaa ili zile chache zinazovitambua virusi ziongezeke kiasi cha kuhesabika. Bila interleukini-2 seli hizo hazifiki popote. Na damu ya mtoto ni mililita chache tu. Ukiharibu, huendi kuchota nyingine.

Protini hii ni fupi: asidi amino 133, uzito wa takriban kilodaltoni 15.5. Inayouzwa kwa ajili ya utafiti kwa kawaida hutengenezwa ndani ya bakteria E. coli waliopandikizwa jeni ya binadamu. Bakteria hawaivishi sukari ambayo mwili wetu huiongezea, lakini sukari hiyo si ya lazima. Bila hiyo protini bado inafanya kazi. Tabu yake ni nyingine. Interleukini-2 haipendi maji. Ina sehemu nyingi zinazokimbilia kitu chochote kisicho maji: protini mwenzake, pua ya pipeti, ukuta wa mrija. Kampuni zinazoitengeneza kama dawa zilikutana na tabu hiyo hiyo. Dawa ya aldesleukini, ambayo ni interleukini-2 iliyobadilishwa kidogo, ina ndani yake sodiamu dodesili salfeti, yaani aina ya sabuni, ili protini isikae pamoja ikaganda. Mtu akifikia hatua ya kutia sabuni ndani ya dawa ya kuingia mshipani, jua hiyo protini ni sumbufu kweli.

Sasa turudi kwenye vichupa. Vya zamani, vilivyokuwa vimeisha, vilikuwa na unga mweupe chini, mkavu, unaoonekana wazi. Vipya havikuonyesha kitu. Mtaalamu wa maabara aliyevipokea aliinua kimoja kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza, akakitikisa, akaenda nacho kwa mkuu wake.

"Daktari, hiki hakina kitu. Wametuuzia chupa."

"Kipo. Ni kidogo mno, macho hayakioni. Kizungushe kwenye sentrifuji kwanza, ndipo ufungue."

Jibu lilikuwa sahihi. Mikrogramu 10 zikikaushwa kwa baridi hubaki utando mwembamba kwenye kioo ambao huwezi kuuona. Lakini swali lililofaa kufuata halikuulizwa: mbona vya zamani vilionekana? Vilionekana kwa sababu unga ule mweupe haukuwa interleukini-2. Ulikuwa albumini, protini ya kawaida ya damu, iliyotiwa na mtengenezaji kwa wingi ili kuisindikiza protini. Vichupa vipya vilikuwa vya toleo lisilo na albumini. Jina lilikuwa moja, uzito mmoja, mtengenezaji mmoja. Nambari ya katalogi tu ndiyo iliyotofautiana, tena kwa herufi chache za mwisho.

Hakuna aliyedanganywa. Toleo lisilo na albumini liliagizwa kwa makusudi, na sababu zilikuwa za busara. Kundi jingine katika jengo hilo lilitaka kuibandika interleukini-2 kwenye shanga za sumaku, na albumini ingebandikwa mahali pake, maana iko nyingi zaidi. Tena bidhaa yenye kitu cha ng'ombe, kama ile albumini, huongeza karatasi za kibali cha kuingiza vitu vya asili ya mnyama. Kuagiza mara moja kwa ajili ya makundi mawili kuliokoa nauli ya mzigo, na kila anayefanya kazi hii huku kwetu anajua nauli inaweza kushinda bei ya kichupa. Ningekuwa ofisini kwao siku hiyo, ningetia sahihi pia.

Lililobaki ni kwamba utaratibu wa zamani wa kuyeyusha haukubadilishwa. Ulisema hivi: ongeza maji safi mikrolita 100, acha kidogo, kisha punguza kwa maji ya chumvi yenye bafa, yaani kemikali ya kuzuia ukali wa asidi usibadilike, hadi mikrogramu 1 kwa mililita, gawa mikrolita 100 kwenye kila mrija mdogo, ugandishe. Kwa kichupa chenye albumini utaratibu huo hauna neno. Albumini ilikuwa ikisafiri pamoja na protini hatua kwa hatua, na hakuna aliyeihesabu kama kiungo kwa kuwa haikuandikwa kwenye karatasi ya utaratibu. Ilikuwa kwenye chupa tu.

Seli zilipoanza kudhoofika, mshukiwa wa kwanza alikuwa stima. Kisumu mvua ya alasiri huja na radi, taa zinazimika, jenereta inakohoa kabla haijashika. Friza ya nyuzi -20 walimowekea mirija ni ya kawaida, ya aina inayojiyeyushia barafu yenyewe, na aina hiyo haifai kwa protini hata stima isipopotea, kwa sababu kila inapojiyeyushia barafu inapandisha joto kidogo. Mshukiwa wa pili alikuwa safari: mzigo ulikuwa umekwama Nairobi siku kadhaa ukisubiri karatasi, kisha ukaletwa Kisumu ndani ya sanduku ambalo pakiti zake za barafu zilifika zimekuwa maji ya vuguvugu. Wa tatu, kama kawaida, alikuwa mtu: binti mmoja wa uzamili aliyeanza kazi mwezi huo huo. Sitaficha kwamba niliwakuta wameshaanza kumtazama kwa jicho fulani.

Safari niliiondoa mapema akilini, ingawa nilisubiri ushahidi. Protini iliyokaushwa kwa baridi huvumilia mengi. Watengenezaji wengi huzisafirisha bila barafu kabisa, katika joto la kawaida, na hawasemi uongo wanapodai zinastahimili. Kinachoharakisha kuharibika ni maji. Ikishayeyushwa, hapo ndipo saa inaanza kukimbia.

Kabla ya kwenda mbali tulihitaji kipimo cha kazi, si cha uzito. Hapa historia ya protini hii inasaidia. Mwaka 1976 Morgan, Ruscetti na Gallo walieleza kwamba maji yaliyokuzia limfosaiti zilizochochewa yana kitu kinachofanya seli T ziendelee kukua. Hakuna aliyekuwa na kitu hicho kikiwa safi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kukipima kwa gramu. Kilipimwa kwa yuniti, yaani kwa kuangalia seli zinakua kiasi gani. Jeni yake ilisomwa na kundi la Taniguchi nchini Japani na kuchapishwa mwaka 1983, ndipo bakteria wakaanza kuitengeneza na mizani ikapata kazi. Yuniti ilitangulia gramu, na mpaka leo ndiyo inayosema ukweli. Vichupa vyao vilidai si chini ya yuniti milioni 10 kwa miligramu, yaani yuniti 10 kwa kila nanogramu. Walitaka yuniti 20 kwa kila mililita ya chakula cha seli, ambazo ni nanogramu 2.

Kipimo cha kawaida cha kazi hii hutumia seli za panya ziitwazo CTLL-2, ambazo hufa zisipopata interleukini-2. Hawakuwa nazo, na kuziagiza kungechukua miezi. Njia ya mkato ni nzuri vile vile: chukua damu ya mtu mzima aliyejitolea, zichochee seli T zake kwa fitohemaglutini, ziache zitulie bila interleukini-2, kisha zipe protini hiyo kwa viwango tofauti. Fitohemaglutini hutoka kwenye maharagwe mekundu, ni ile ile inayomkunja tumbo mtu anayeyala hayajaiva, na ni rahisi kupata. Seli T zilizochochewa hivyo huota vipokezi vya interleukini-2 kwa wingi na huitamani vibaya sana.

Tulipanga sahani ya visima 96. Katika safu ya juu tuliweka interleukini-2 kutoka kichupa ambacho hakijafunguliwa cha mzigo ule ule, kilichoyeyushwa ndani ya maji yenye albumini asilimia 0.1. Safu ya pili, mrija kutoka friza. Ya tatu, protini iliyoyeyushwa upya kwa utaratibu wao wa zamani, bila albumini, ikakaa usiku mmoja kwenye jokofu bila kugandishwa. Ya nne, mrija wa mwisho wa kichupa cha zamani, uliosahaulika nyuma ya rafu. Kutoka kisima kimoja hadi kinachofuata kiwango kilipunguzwa nusu. Baada ya siku mbili tukatia resazurini, rangi ya buluu inayogeuka waridi pale seli zinapokuwa hai na zinafanya kazi.

Kufikia alasiri sahani ilikuwa imeshajieleza. Safu ya juu waridi ilitembea mpaka kisima cha tisa, ndipo ikafifia kuwa zambarau, kisha buluu. Safu ya nne, ya kichupa cha zamani, ilikuwa hivyo hivyo. Ya mirija ya friza ilifika cha tano na kukoma. Na safu ya tatu, ile ambayo haikuona friza kabisa, nayo ilikoma cha tano, labda na robo. Binti wa uzamili alikuwa ndiye aliyeishika sahani juu ya karatasi nyeupe. Hakusema kitu, aliiweka tu mezani mbele ya wenzake na kuiacha hapo.

Safu ya kwanza iliondolea lawama safari na mtengenezaji. Ya tatu iliondolea lawama stima, au sehemu kubwa yake. Tofauti ya visima vinne, kila kimoja nusu ya kilichotangulia, ni mara 16. Kilichopaswa kuwa nanogramu 2 kwa mililita kilikuwa kikifanya kazi ya nanogramu 0.125. Seli T iliyochochewa ina kipokezi cha sehemu tatu kinachoishika interleukini-2 kwa nguvu sana. Nusu ya vipokezi hujaa protini ikiwa kiasi cha pikomola 10 kwa lita, karibu nanogramu 0.15 kwa mililita. Tulikuwa chini ya mstari huo. Na hapo ndipo ubaya wa usikivu wa kipokezi unapojificha: ukipoteza nusu ya protini yako, hata robo tatu, seli bado zinaona za kutosha na wewe huoni kitu. Zinakwenda vizuri, zinakwenda vizuri, halafu siku moja zinaporomoka, nawe unatafuta lililotokea jana.

Swali lililobaki: imekufa au imepotea? Ni maswali mawili tofauti. Protini inaweza kuwa ndani ya maji lakini imekunjuka na haifai, au inaweza kuwa haimo kabisa. Kipimo cha ELISA, kinachohesabu protini kwa kingamwili zinazoinasa, hutenganisha haya kwa kiasi, kwa kuwa kingamwili hizo mara nyingi huishika hata protini isiyofanya kazi tena. ELISA ilisoma kidogo, karibu sawa na zilivyosoma seli. Basi haikufa. Ilikuwa imeondoka kwenye maji.

Ilikwenda wapi, hesabu ndogo inatosha. Ukuta wa plastiki unaweza kushikilia protini kiasi cha nanogramu 100 hadi mia chache kwa kila sentimita mraba, mpaka utandikwe wote. Mikrolita 100 zilizokaa kwenye kitako cha mrija mdogo zinagusa takriban sentimita mraba moja ya ukuta. Kwa mkusanyiko wa mikrogramu 1 kwa mililita, mikrolita hizo zina nanogramu 100 za interleukini-2. Ukuta una nafasi ya kuzimeza zote. Ukisonga ugali wa konzi moja kwenye sufuria ya matanga, usishangae ukiambulia ukoko mtupu.

Sasa ongeza albumini asilimia 0.1, ambayo ni miligramu 1 kwa mililita. Mrija ule ule una mikrogramu 100 za albumini dhidi ya nanogramu 100 za interleukini-2, mara elfu moja. Albumini inatandika ukuta, interleukini-2 inabaki majini. Au acha albumini na uweke protini ikiwa nzito, mikrogramu 100 kwa mililita: mrija una nanogramu 10,000, ukuta unachukua 100 au 200, hasara ni asilimia 1 au 2 na hakuna atakayelia. Kundi la shanga za sumaku lilikuwa likifanya hivyo hasa, ndiyo maana kazi yao ilikwenda vizuri muda wote kwa vichupa vile vile, jambo ambalo liliwafanya wengi waamini kosa liko kwa seli.

Kuna jaribio moja ninalolipenda kwa sababu mtu yeyote anaweza kulifanya kwa asubuhi moja. Chukua protini iliyopunguzwa bila albumini, iweke kwenye mrija nusu saa, ihamishie mrija mpya, nusu saa tena, hadi mirija mitano. Maji ni yale yale, hayajapungua hata tone la kuonekana. Kila mrija uchukulie sampuli ndogo na upime. Bila albumini, kazi ilishuka mrija kwa mrija. Ikiwa na albumini, wa tano ulikuwa sawa na wa kwanza. Mkuu wa maabara, aliyekuwa bado ana shaka na friza, alilitaka lirudiwe mbele yake, likarudiwa, na hapo akaagiza madaftari yote ya miezi ile yaletwe.

Friza hata hivyo haikutoka mikono mitupu. Mirija iliyoyeyushwa na kugandishwa tena mara kadhaa ilionyesha ELISA ikisoma zaidi ya zilivyosoma seli, yaani humo kulikuwa na protini iliyokufa kweli. Bafa ya fosfati ya sodiamu ina tabia mbaya ya kupoteza usawa wake inapoganda: chumvi moja hutangulia kuganda, na maji yaliyobaki huwa makali kama asidi kwa muda. Protini iliyo peke yake na chache haivumilii hayo. Lakini hilo lilikuwa kosa la pili, dogo, na kama wangenunua friza ya nyuzi -80 kwa ajili yake, kama ilivyopendekezwa katika kikao kimoja kwa sauti ya uhakika mkubwa, wangetumia fedha nyingi na seli zingeendelea kufa.

Nitatoka kando kidogo. Siku moja ya kazi hiyo dereva wa taasisi, mzee wa makamo, alinifuata nje. Alikuwa amesoma mahali kwamba interleukini-2 hutibu saratani ya figo, na kaka yake alikuwa nayo.

"Daktari, hivi vichupa mnavyosema vimeharibika, haviwezi kumsaidia mtu hata kidogo?"

"Hapana, mzee wangu. Hata vizima haviwezi."

Alistahili sababu, nikampa. Aldesleukini iliidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa saratani ya figo iliyosambaa. Dozi ile kubwa ni yuniti 600,000 kwa kila kilo ya mwili, kila baada ya saa nane, chini ya uangalizi wa karibu sana hospitalini kwa maana hushusha presha vibaya. Mtu wa kilo 60 anahitaji yuniti milioni 36 kwa mara moja tu. Kichupa cha mikrogramu 10 kina 100,000. Ni vichupa 360 kwa dozi moja, na vyote vimetengenezwa bila masharti ya usafi wa dawa, vikiwa na mabaki ya sumu ya bakteria ambayo seli kwenye sahani huvumilia na mshipa wa mtu hauvumilii. Maandishi ya "kwa utafiti tu" yaliyo kwenye lebo si urasimu. Alinishukuru kwa upole, akaniuliza hospitali ipi aende kwa ushauri, nikamwelekeza kwa wenye kujua saratani.

Sasa sehemu iliyoninyima usingizi, na ambayo naona ndiyo uzito wa kisa hiki. Madaftari yalipoletwa, tarehe zilionyesha jambo. Sampuli za watoto wa milimani zilikuwa zimekuzwa kwanza. Siku kichupa kipya kilipofunguliwa, protini ilitiwa kwenye chakula cha seli moja kwa moja kutoka kwenye mkusanyiko mzito, kabla ya kugawanywa kwenye mirija. Sampuli kadhaa za milimani zikapata dozi kamili. Sampuli za watoto wa kando ya ziwa zilifuata baadaye, zikilishwa kutoka mirija ya friza. Matokeo ya awali yaliyokuwa tayari kwenye jedwali yalisema watoto wa milimani wana seli T nzuri za kupambana na EBV, wa ziwani wana chache au hawana.

Ndivyo kila mtu alivyotarajia. Ndivyo ulivyosema utafiti wa 2007, ambao ulifanywa kwa njia nyingine na hauguswi na mirija ya mtu yeyote. Jedwali lingepita kwenye kikao, lingepita kwa wahakiki, kwa sababu halikumshangaza mtu. Huenda hata ni kweli. Huenda watoto wa ziwani wana mwitikio hafifu kabisa. Lakini jedwali lile halikuwa likipima watoto. Lilikuwa likipima plastiki. Kama matokeo yangegeuka upande wa pili, ziwani nzuri na milimani mbaya, nina hakika mtu angesimama siku ile ile akauliza kuhusu vichupa. Tena kilichoamsha maabara hakikuwa jedwali. Ilikuwa ni sampuli ya udhibiti, damu ya mtu mzima mwenye afya ambaye seli zake zilikuwa zikikua kila mwezi kwa miaka, na ambayo mwezi huo ilikataa. Wangeacha kuikuza ili kuokoa chakula cha seli, kama wengine wafanyavyo bajeti ikibana, leo tungekuwa na makala.

Marekebisho yenyewe yalikuwa ya bei ya chini kiasi cha kuudhi. Kundi la seli T sasa huyeyusha kichupa kwa mikrolita 100, na papo hapo hupunguza ndani ya chakula kamili cha seli chenye seramu ya binadamu asilimia 10, ambayo imejaa albumini yake yenyewe, kwa hiyo hakuna cha kuagiza wala kibali cha kutafuta. Mirija ni ya kutumiwa mara moja. Kinachobaki kinamwagwa, hakirudi kwenye friza. Kundi la shanga linabaki na toleo lisilo na albumini likiwa zito. Kila kichupa kipya, kabla ya kugusa seli za mtoto, hupitishwa kwenye sahani ya resazurini pamoja na mrija mmoja wa kile kilichotangulia, na kiwango cha kazi huandikwa kwa yuniti kwenye mirija yote. Mikrogramu haziandikwi tena. Karatasi ya utaratibu ina mstari mpya unaotaja albumini kwa jina na kwa kiasi, na nambari kamili ya katalogi, pamoja na zile herufi za mwisho.

Kuhusu sampuli: zilizokuwa na mrija wa pili kwenye nitrojeni zinayeyushwa na kukuzwa upya, za milimani na za ziwani zikichanganywa katika kila sahani, na anayesoma hajui ipi ni ipi. Zisizo na mrija wa pili zimeondolewa kwenye hesabu, pande zote mbili, hata zile za milimani zilizokuwa nzuri, kwa kuwa huwezi kubakiza upande mmoja uliolishwa vizuri ukauita ulinganisho. Hilo lilizua ubishi mrefu. Kuna waliotaka kuzirekebisha kwa hesabu, wazidishe mwitikio kwa kiasi cha protini iliyopotea. Nilipinga na bado napinga: seli iliyokufa kwa njaa huwezi kuizidisha kwa 16 ikafufuka, na hakuna ajuaye mrija upi ulipoteza kiasi gani usiku upi. Mkuu wa maabara alisikiliza pande zote, akatia mstari kwenye jedwali la zamani kwa kalamu nyekundu, akaandika tarehe na sababu pembeni, na kuwaandikia wafadhili barua ya kuomba muda zaidi.